Lancha yangu ndogo ya magemu ya DOS, na kwa nini nimeikataza isijue mambo mengi

Kabla sijaenda mbali niseme hili, emuleta na lancha ni vitu viwili tofauti, maana kila nikiongea na mtu kuhusu magemu ya zamani anavichanganya alafu anaanza kulalamika eti lancha fulani "inacheza gemu vibaya". Lancha haichezi gemu. Lancha ni mpiga debe tu, anaita abiria, anajaza gari, anagonga bodi, ila usukani hashiki yeye, usukani ni wa emuleta. Emuleta ni programu inayojifanya kompyuta nyingine, na kwa magemu ya DOS, ule mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, emuleta ndo DOSBox, na lancha ni lile dirisha lenye majina na picha za magemu, unabofya mara mbili gemu inafunguka, hujaandika chochote.

Mimi nimejitengenezea ya kwangu kwa Python, lugha ya kuandikia programu, ndogo kweli kweli, haina mbwembwe, na nataka nielezee ilivyo na nilichokataa kuiwekea, maana nilichokataa ndo chenye maneno mengi.

Kwanza kwa nini tunahitaji huu mlolongo wote. Chukua PRINCE.EXE ya mwaka 1990, ile Prince of Persia ya Jordan Mechner, ibofye kwenye Windows yoyote ya biti 64, utaambiwa programu hii haiwezi kufunguka kwenye kompyuta yako, kwisha. Watu wanadhani faili limeharibika au lina virusi, hapana, faili liko sawa kabisa. Programu za DOS ni za biti 16, na zile Windows za biti 32 zilikuwa na kitu ndani kinaitwa NTVDM kilichotumia hali maalum ya prosesa kujifanya prosesa ya zamani ya 8086, sasa prosesa ikishaingia kwenye hali ya biti 64 ule mlango unafungwa, haupo tena, kwa hiyo Microsoft wakaiacha NTVDM nje ya Windows zote za biti 64. Ndo maana laptop ya mtumba yenye Windows XP inaweza kufungua gemu ambayo laptop yako mpya ya milioni mbili inaikataa.

DOSBox inazunguka tatizo lote hilo kwa kutotegemea huo mlango. Inatengeneza kompyuta nzima ya miaka ya tisini kwa programu tupu, prosesa, kadi ya video ya VGA, kadi ya sauti ya Sound Blaster, spika ile ya kulia piii, na DOS yenyewe. Walioianzisha ni Peter Veenstra na Sjoerd van der Berg, ikatoka 2002, toleo la 0.74 likaja 2010, na 0.74-3 likatoka 2019. Baada ya hapo watu wengine wakachukua kodi wakaendelea nayo kivyao, ndo ukapata DOSBox Staging na DOSBox-X, na kusema ukweli kama unaanza leo anza na Staging, imesafishwa vizuri sana. Ila nitakayoyasema hapa mengi nayasema kwa ile ya kawaida ya 0.74 kwa sababu ndo iliyozagaa.

Sasa ukifungua DOSBox unakutana na nini? Skrini nyeusi na Z:\> na kimstari kinapepesa. Nilimkalisha mpwa wangu hapo mbele nikanyamaza nione atafanya nini. Akasubiri. Akasubiri tena.

"Anko, mbona haifunguki?"

"Imeshafunguka, inakusubiri wewe uandike."

"Niandike nini sasa?"

Na swali lake ni la haki kabisa, maana kufungua SkyRoads, gemu ya kigari cha angani, inabidi aandike hivi:

mount c c:\magemu
c:
cd skyroads
skyroads

Mistari minne, na kila mmoja una sababu yake. DOSBox haioni diski yako mpaka uiambie folda gani ijifanye ndo C, hiyo ndo mount, na ni jambo zuri tu kiusalama kwa sababu gemu inabaki imefungiwa kwenye hiyo folda haiwezi kwenda kuchokonoa kwingine. Alafu unahamia C, unaingia folda, unaita gemu. Sisi tuliokutana na kompyuta za mtumba zenye flopi hii ni lugha ya nyumbani, lakini mtoto aliyezaliwa akakuta simu za kugusa unamwambia cd skyroads anakuangalia tu. Na hata mtu mzima, kama folda yako inaitwa Prince of Persia basi ujue DOS inajua majina ya herufi nane tu, nukta, na tatu, kwa hiyo ndani huko inaonekana PRINCE~1, hapo na wewe mtu mzima unaanza kukuna kichwa.

Lancha zipo nyingi na sikuanza kutengeneza yangu kwa sababu zile ni mbovu. D-Fend Reloaded ya Alexander Herzog ni nzuri, nimeitumia muda mrefu, ni ya Windows, inakuja na DOSBox yake humo humo kwa hiyo unainstoli kitu kimoja tu, ina mchawi wa kukuuliza maswali hatua kwa hatua gemu iko wapi, faili la kufungua ni lipi, unataka nini, alafu inakuwekea kwenye listi. Shida yake ni kwamba toleo la mwisho ni la 2015 na DOSBox iliyomo ni ile ile ya zamani. DBGL imeandikwa kwa Java kwa hiyo inaenda Windows, Linux na Mac, ina uwezo wa kutisha, lakini fungua dirisha lake la setingi uone, tabu juu ya tabu, kila kitufe kilichopo ndani ya DOSBox kimeletwa pale juu. LaunchBox inapendeza macho, makava ya magemu, video, ila siku hizi ni ya kila aina ya emuleta na toleo lenye vitu vyote ni la kulipia. Kwenye Mac kulikuwa na Boxer, na kwangu mimi ile ndo iliyofikiriwa vizuri kuliko zote, unaburuta folda ya gemu unaidondosha inakuwa kama boksi lenye kava, basi.

Kinachonisumbua kwenye karibu zote ni kimoja. Ukishaingiza magemu yako, setingi zote zinaishi ndani ya lancha, kwenye databesi yake au kwenye mpangilio wake yenyewe. Siku ukibadilisha kompyuta, au lancha ikafa maana haina mtu wa kuiendeleza, unabaki na folda za magemu tupu na kazi yote uliyofanya ya kutafuta spidi sahihi na sauti sahihi imeondoka nayo. Wakati ukweli ni kwamba DOSBox yenyewe inasoma faili la maandishi tu, la conf, na hicho ndo kitu pekee lancha yoyote duniani inachofanya mwisho wa siku, inaandika hilo faili alafu inaita DOSBox ilisome. Sasa kama ni hivyo, hilo faili si likae ndani ya folda ya gemu yenyewe?

Basi hiyo ndo lancha yangu. Kuna faili moja la msingi la magemu yote:

[sdl]
fullscreen=true
fullresolution=desktop
output=openglnb

[render]
aspect=true

Na kila folda ya gemu ina kifaili chake kidogo, nimekiita gemu.conf, hiki ni cha SkyRoads:

[cpu]
cycles=fixed 12000

[autoexec]
@echo off
mount c .
c:
skyroads
exit

Angalia ile nukta kwenye mount c hapo. Nukta maana yake "hapa hapa nilipo". Lancha kabla ya kuita DOSBox inasimama kwanza ndani ya folda ya gemu, alafu inaita dosbox na -conf mbili, ya kwanza ile ya msingi na ya pili ya gemu, na DOSBox inakubali -conf zaidi ya moja, ya pili inafuta ya kwanza pale zinapogongana. Kwa hiyo hamna mahali popote palipoandikwa C:\Users\nani\nini, folda nzima unaweza kuiweka kwenye fleshi ukaenda nayo kwa rafiki ukachomeka ikafunguka, herufi ya fleshi iwe E, iwe G, haijali. Na hayo majina marefu ya folda hayasumbui tena, maana DOS haiioni kabisa ile folda ya juu, yenyewe inajiona iko C tu.

Dirisha lenyewe ni Tkinter, zana ya Python ya kutengeneza madirisha, kwenye Windows inakuja na Python yenyewe huhitaji kudaunlodi kitu kingine. Kushoto listi ya magemu, kulia picha moja, chini kitufe cha Cheza na kisanduku cha kuandika spidi. Picha inatoka wapi? Ukiwa ndani ya gemu bonyeza Ctrl na F5 DOSBox inapiga picha ya skrini inaiweka kwenye folda ya capture, unaihamishia kwenye folda ya gemu unaiita picha.png, lancha inaiona. Sikuweka kitu cha kwenda intaneti kutafuta makava, kwanza bando, pili mpwa anafurahi zaidi kuona picha aliyoipiga mwenyewe akiwa amefika mbali.

Kitu kilichonichukua akili ni kugundua faili lipi la kufungua. Unasema rahisi, tafuta .exe ndani ya folda. Haya, fungua folda ya gemu ya 1994 uone, kuna SETUP.EXE, kuna INSTALL.EXE, na karibu kila gemu kubwa ya wakati ule kuna DOS4GW.EXE. Hiyo DOS4GW sio gemu, ni kidaraja kinachoiwezesha gemu kutumia ramu kubwa kuliko ile kilobaiti 640 ya DOS ya kawaida, gemu inakiita yenyewe ikihitaji, wewe ukikifungua hamna kitu cha kucheza. Na kialfabeti D inakuja mapema, kwa hiyo lancha inayochukua faili la kwanza inalolikuta itakufungulia DOS4GW kwenye nusu ya magemu yako. Yangu ina listi ya majina ya kuruka, na zikibaki zaidi ya moja inauliza mtu. Haikisii. Lancha inayokisia kimya kimya alafu ikakosea inaudhi kuliko ile inayouliza swali moja siku ya kwanza, ikiandika gemu.conf hairudi kuuliza tena.

Sasa cycles. Hapa ndo pa kukaa kidogo kwa sababu asilimia kubwa ya malalamiko ya "gemu haiko kama ilivyokuwa" yanatokea hapa.

Magemu mengi ya zamani hayakuwa na saa. Yaani mwandishi wa gemu alikuwa na kompyuta yake mezani, akaandika gemu ikazunguka haraka kadri prosesa inavyoweza, akaona spidi imekaa vizuri, akauza. Kompyuta za miaka iliyofuata zikawa na kasi mara mbili, mara kumi, gemu nayo ikaenda mara kumi. Wing Commander ya 1990 inajulikana sana kwa hilo, kwenye mashine yenye kasi unaanza vita na umeshakufa kabla hujaona adui. Ndo maana kompyuta za zamani zilikuwa na kile kitufe cha Turbo kwenye kasha, ambacho kazi yake kubwa ilikuwa kupunguza kasi, jina halisemi hivyo lakini ndo hivyo.

Cycles kwenye DOSBox ndo hicho kitufe, ila chenye namba. Ni idadi ya maelekezo ambayo prosesa ya kuigiza inayatekeleza kila milisekunde moja. Kwa makadirio tu, 3000 inakupeleka kwenye prosesa za 386 za bei rahisi, 12000 ni karibu na 486, iliyokuja baada ya 386, ya MHz 33, 25000 ni 486 ya MHz 66 ambayo kwa magemu ya 1993, 1994 ilikuwa ndo ndoto ya kila mtu. Usipogusa kitu DOSBox inaweka auto, ambayo inaanza na 3000 kwa magemu ya mtindo wa zamani na kupanda mpaka mwisho wa nguvu kwa yale ya mtindo wa DOS4GW. Mara nyingi inatosha. Isipotosha, ukiwa ndani ya gemu Ctrl na F11 inapunguza, Ctrl na F12 inaongeza, na ukitoka kwenye skrini nzima kwa Alt na Enter unaona juu ya dirisha imeandikwa Cpu speed ngapi, Program nani. Unapanda unashuka mpaka unasema ewaaa, hapo hapo, unasoma namba, unaiandika kwenye kisanduku cha lancha. Haihifadhi yenyewe kwa sababu DOSBox haimrudishii mtu yeyote hiyo namba, na mimi sioni shida, unaiandika mara moja.

Kuna watu wanaweka cycles=max kwa kila kitu wakidhani kubwa ni bora. Hao ndo wanaokutana na "Runtime error 200". Hii ni ya programu zilizoandikwa kwa Turbo Pascal, zikianza zinapima kwanza kompyuta ina kasi gani, zinahesabu kisha zinagawanya, sasa kompyuta ikiwa na kasi kuliko walivyowaza jibu linakuwa kubwa halienei kwenye nafasi iliyotengwa, programu inakufa hapo hapo kabla haijaonyesha hata picha. Kwenye mashine halisi za Pentium II watu walihangaika nayo sana, wakawa wanatafuta viraka. Kwenye DOSBox unashusha namba inafunguka. Lancha yangu haina kitufe cha max kwa makusudi.

Kitu kingine ambacho hata watu wa magemu wanakipuuza ni ile aspect=true. VGA nyingi zilicheza kwenye 320 kwa 200, lakini runinga za kompyuta za wakati huo zilikuwa nne kwa tatu, kwa hiyo ile picha ilivutwa kidogo kwenda juu, kila nukta ilikuwa ndefu kuliko upana wake. Waliochora magemu walichora wakijua hilo. Ukiicheza leo bila kurekebisha kila mtu anakuwa mfupi mnene na duara linakuwa yai lililolala. Na ole wako uivute ijaze skrini pana ya laptop, hapo ndo unaharibu kabisa. Acha pembeni pawe peusi, wala haipotezi kitu. Mpwa aliniuliza mbona haijazi skrini nikamwonyesha zote mbili, akachagua yenye weusi mwenyewe, sikumlazimisha.

Sauti sasa, hii ni fupi. Fungua SETUP.EXE ya gemu mara moja, chagua Sound Blaster, na ikikuuliza namba weka 220, IRQ 7, DMA 1, hizo ndo DOSBox inazotoa usipobadilisha. Watu wanahangaika bure na sauti wakati ni namba tatu. Kwenye lancha nimeweka mausi ya kulia ikupe "Fungua setup", ndo starehe pekee niliyoongeza.

Magemu ya kuanzia ambayo ni halali na hayakuli bando. SkyRoads ni ya 1993, ya Waestonia wanaitwa Bluemoon, na waliitoa bure. Una kigari cha angani, mshale wa mbele unaongeza kasi, spesi unaruka, barabara ina mashimo, njia thelathini, mafuta na oksijeni vinakwisha ukizubaa, na kila barabara ina mvutano wake kwa hiyo mruko wa hapa hauko sawa na wa kule. Inakera na huachi. Na hawa jamaa wa Bluemoon, kina Jaan Tallinn, Ahti Heinla na Priit Kasesalu, ndo hao hao walioandika Skype miaka kumi baadaye, kwa hiyo kama uliwahi kuongea na ndugu aliyeko Muscat au Minnesota kwa Skype basi ulishatumia kazi ya watu wa SkyRoads. Tyrian ya 1995 ni ya kurusha marisasi, ikawa bure 2004. Ukitaka kupotea miezi kuna The Elder Scrolls: Arena ya 1994, Bethesda wenyewe waliifanya bure 2004, na Daggerfall 2009. Beneath a Steel Sky ipo bure tangu 2003 ila hiyo usiiweke kwenye DOSBox, tumia ScummVM, ambayo yenyewe haiigi kompyuta nzima, inaandika upya injini ya gemu na kusoma mafaili yake ya picha na sauti, inakuwa nyepesi zaidi na ina dirisha lake tayari.

Zile tovuti za "magemu yaliyotelekezwa" naambiwa kila siku kwamba ni halali kwa sababu gemu ni ya zamani. Hapana, hakimiliki haiishi kwa sababu kampuni imeacha kuuza. Ukiwa na hela kidogo GOG, duka la magemu la mtandaoni, wanauza tangu 2008 na mengi ya DOS ukiyanunua yanakuja na DOSBox ndani pamoja na faili la conf lililoshapimwa na watu wao. Hilo faili lisome. Hata kama hutumii lancha yao, namba ya cycles iliyomo humo umeshafanyiwa kazi, unaihamishia kwako.

Lancha haiwezi kukuokoa na kila kitu. Prince of Persia ya DOS ukimaliza levo ya kwanza inakupeleka kwenye chumba chenye chupa nyingi, kila chupa ina herufi juu yake, na inakuambia tafuta herufi ya kwanza ya neno fulani, mstari fulani, ukurasa fulani wa kitabu kilichokuja na gemu. Ndo ilikuwa kinga ya wizi ya wakati ule. Kopi nyingi zilizozunguka huku kwetu kwenye flopi zilishatolewa hicho chumba, kwa hiyo wengi wetu tumeicheza miaka bila kujua kipo. Emuleta inaiga kwa uaminifu hadi hapo, chumba kipo, chupa zipo, ukinywa isiyo yake inakula uhai wako. Weka kitabu cha PDF kwenye folda ya gemu, mausi ya kulia ya lancha inakifungua, basi nimeongopa, starehe ni mbili.

Na kusevu. DOSBox ya kawaida haina kule kuganda na kuendelea ulipoishia, unasevu pale gemu yenyewe inapokuruhusu tu, sasa kwa mtu wa desktop bila betri umeme ukikatika katikati ya safari umeondoka nao. Kama kwenu umeme ni wa kubahatisha tumia DOSBox-X, yenyewe ina kusevu hali nzima ya mashine muda wowote. Lancha haijali, ndani ya faili lake la setingi kuna mstari mmoja tu unaosema DOSBox iko wapi, unabadilisha hiyo njia inaita nyingine, na zile conf zangu za 0.74 nyingi zinakubalika vile vile kwa hawa wadogo zake.

Ambacho bado hakijakaa vizuri ni magemu ya sidii na ya flopi nyingi. Ya sidii unaongeza mstari wa imgmount d gemu.cue -t iso kwenye gemu.conf, imgmount ni kama mount ila ya faili la nakala ya diski, na hakikisha ni ile .cue sio .iso tupu, maana muziki wa magemu mengi ulikuwa kwenye sidii kama nyimbo za kawaida, na .iso inabeba mafaili tu, gemu inafunguka ila iko bubu. Ya flopi nyingi unaziorodhesha zote kwenye imgmount a moja, alafu gemu ikisema ingiza diski ya pili unabonyeza Ctrl na F4 inazungusha. Kwa sasa hii mistari naiandika kwa mkono. Nafikiria lancha ikiona .cue kwenye folda iongeze mstari yenyewe, ila .cue zikiwa tatu ndani ya folda moja iulize, na hapo kwenye kuuliza ndo sijaamua dirisha likae vipi, kwa sababu mpwa akiona swali lolote lenye zaidi ya vitufe viwili anabonyeza cha kwanza bila kusoma.